Mdomo wa Mama Hortense

Kuna watu hapa Likasi wanaosimulia mpaka leo kwamba Mama Hortense aligoma kupika. Huo ni uongo, na unaniudhi kila ninapousikia matangani, hasa ukitoka kwa watu ambao siku ile walikuwa mkiani mwa foleni na hawakuona kitu isipokuwa migongo ya wenzao. Mama Hortense alipika. Alisonga bukari, ugali wetu wa mahindi, mpaka ikashika, akapika na sombe yake ya majani ya muhogo, akaosha na vyungu. Kila alichoajiriwa kufanya alikifanya. Alichokikataa hakikuwa kwenye kazi yake, na hapo ndipo penye habari yenyewe.

Mimi ni Georges. Nilikuwa fundi wa kalibu katika kiwanda kidogo cha kuyeyusha chuma, upande wa kwenda Shituru, tukimimina vipuri vya mashine za watu. Kwa miaka mingi nilikula mkononi mwa mwanamke huyo mchana wa kila siku ya kazi, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Alizaliwa Kambove, mtoto wa mtu wa reli. Aliolewa na Alphonse, wakajijengea nyumba mtaani Kikula kwa matofali waliyoyafyatua na kuyachoma wenyewe. Kiwandani aliingia kama mwosha vyungu, chini ya mpishi mkuu, mzee mmoja wa mkoa wa Kasai aliyekuwa na mikono mikubwa na maneno machache. Kwa mzee huyo alijifunza kupikia watu wengi bila kuunguza na bila kuiba, na hilo la pili ndilo gumu zaidi. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mkali kama pilipili ya Kambove. Ukimletea sahani chafu alikurudisha bombani mbele ya watu wote, hata uwe kapita, yaani mnyapara.

"Mama yako hakukufundishaka kunawa?" angeuliza, na wewe unakwenda kunawa huku wenzako wanakucheka.

Kisha ukaja mwaka wa kufukuzana. Wakubwa wasioijua njaa yetu walituambia kwamba adui ni jirani, na sisi, aibu yetu, wengi tuliamini. Watu wa Kasai walitolewa majumbani mwao wakaenda kulala stesheni, kando ya reli, wakingoja treni ambayo haikuwa na siku wala saa. Yule mzee mpishi alikuwa mmoja wao, yeye na wajukuu zake. Mama Hortense alimpelekea chungu cha chakula kila jioni mpaka treni ilipofika. Njiani vijana walimtukana, wakamwita mke wa wageni, na chungu hakukiacha. Wako wanaume wazima waliokula kwa yule mzee miaka yote, na wala hawakumpelekea hata kikombe cha maji.

Baada ya hapo mji haukuweza tena kula kwa amani. Kila chungu kilikuwa na uvumi wake. Fulani amekula kwa fulani, tumbo limemvimba. Kiwandani watu wakaanza kuacha chakula mezani, na huku mshahara ulikuwa umegeuka karatasi za kufungia karanga, hata ile sahani ya mchana ndiyo ikawa mshahara wenyewe. Ndipo Mama Hortense, sasa mpishi mkuu, alipotuletea kantini desturi ya nyumbani.

Kwetu tunaiita kutosha bulozi, yaani kutoa uchawi. Anayekaribisha watu, iwe pombe au chakula, huanza yeye mwenyewe, mbele ya macho yao, ili kila mmoja aone kwamba humo hamna uchawi wala sumu. Basi kila mchana, kabla ya sahani ya kwanza, Mama Hortense alinawa, akamega tonge, akalichovya, akatafuna polepole na kumeza huku anatutazama. Kisha alifungua mikono yake miwili. "Karibuni, bababa." Foleni ikaenda. Hakuna aliyemwagiza. Hakuna aliyemlipa kwa hilo. Likawa jambo letu na yeye.

Siku moja asubuhi Shefu Benoît, msimamizi wa wafanyakazi, aliwaita watu wa jikoni akawaambia kwamba kuanzia siku hiyo wao si wa kiwanda tena. Jiko limepewa Patroni Numbi, mtu wa biashara ya chakula. Yeye ndiye atakayewaajiri, yeye ndiye atakayeleta unga na mafuta, na kiwanda kitamlipa yeye.

"Hakuna kintu itabadilika, Mama," alimwambia Hortense. "Ni ba-papiers, makaratasi tu. Nyungu ni zile zile."

Vyungu kweli vilikuwa vile vile. Jiko lile lile, midomo ile ile, na Mama Hortense aliyekuwa mtu wa kiwanda miaka yote akawa amekodishwa nyumbani kwake mwenyewe kama mkokoteni. Mimi nilikasirika kuliko yeye. Yeye alivaa kitambaa chake cha kichwa akaenda kuwasha makaa.

Numbi tulimjua tangu akiuza mafuta ya taa kwa chupa pale Kikula. Sasa alikuwa na gari la kubebea mizigo na tumbo la kufanana nalo. Sheria yake ya kwanza ilikuwa fupi. Neno lolote linalotoka jikoni kwenda kiwandani lipite kwake. "Hata bakikuuliza ni saa ngapi, uambie bamuulize Numbi."

Naye Benoît, kabla wiki haijaisha, alimvuta Hortense pembeni. "Weye njo mama yetu ya siku mingi. Ukiona Numbi iko analeta bintu bibaya, uniambie. Uwe macho yangu."

Jibu lake alinieleza mwenyewe, na ningependa kila anayemwita mkaidi alisikie. "Chef, minye niko muntu ya Numbi sasa. Bintu yake shitaleta kwako. Na ya kwako, ile nasikia mu couloir ya ofisi, shitapeleka kwake." Benoît alinuna. Lakini ndivyo alivyofanya kazi. Ya ghala yalibaki ghalani, ya ofisini yakabaki ofisini. Numbi alipunguza mafuta, naye akampigia kelele Numbi, hakuja kulia kwetu. Sisi tulimtania kwamba ameolewa mara ya pili, na mume wa pili mnene. Alitujibu kwamba wa kwanza angalau alimlipia mahari.

Mwaka ukapita hivyo, halafu ikaja ile mifuko ya unga.

Ilishushwa siku ya kwanza ya wiki, na harufu yake ilishuka kabla yake. Waliopakua walipiga chafya wakafuta pua kwa mikono ya mashati. Mama Hortense alifungua mmoja. Unga ulikuwa na wekundu hafifu, kama uliopitiwa na vumbi la barabara. Kwenye mshono wa mfuko akakuta punje zilizokwepa kinu, nyekundu. Akaloweka moja, akaisugua kwa kidole gumba, na kidole kikabaki chekundu.

Hapa hakuna elimu iliyohitajika. Miaka ile kila familia ya Kikula ilikuwa na shamba nje ya mji, maana bila shamba ungekufa. Kila mtoto alijua mahindi ya mbegu yanafananaje: yamepakwa dawa ya kuua wadudu, unapanda huku umekataza watoto kulamba vidole, na kuku akila humchinji, unamzika. Kuna mtu alikuwa ameuza mbegu za kupanda, Numbi akazinunua kwa bei ya bure, akaziosha, akazianika, akazisaga. Akatuletea sisi.

Unga mzuri uliosalia ghalani ulikuwa bado unatosha siku chache. Hortense akapika ule, na siku hizo hizo akaenda kwa mwajiri wake kwanza, kama sheria ilivyosema. Alimkuta Numbi garini.

"Patron, hii bunga ni ya mbegu. Iko na dawa."

"Ilioshwa, Mama. Ilioshwa muzuri, ikaanikwa. Moto itamaliza yote."

"Na kama haimalizi?"

"Weye iko daktari?"

"Badirisha tu mifuko, patron. Badirisha kesho, minye shitasema kwa muntu. Itakuwa sawa vile haikufikaka."

Tazama alivyomfungulia mlango! Angeweza kutoka bila aibu. Numbi akacheka. "Nani atakula? Ni bafundi ya Benoît. Si batoto yako." Akawasha gari, kisha akatoa kichwa dirishani. "Utapika. Na utaonja sawa vile siku yote. Bakiona weye unakula, nabo batakula. Na nikisikia hii neno ku bureau ya Benoît, unarudia Kikula."

Hilo la kuonja ndilo lililomchoma. Mtu wa nje asingelijua. Lakini Numbi ni mtoto wa hapa, amekunywa pombe za matanga za hapa, alijua vizuri kabisa tonge lile ni nini. Unga ulikuwa wake, gari lake, hata makaa yake, ila kuaminiwa hakuwa nako. Kwa hiyo alitaka kuchukua kwa Hortense, kama mtu anavyoingia jikoni kwako kuchota chumvi.

Siku iliyofuata Hortense alikwenda kwa Benoît, mchana, mlango wazi. Umbea alikuwa amekataa kumpelekea, lakini sumu si umbea; na si alimwomba awe macho yake? Alipotaja mbegu, Benoît aliinuka akafunga mlango.

"Mama, weye haiko mufanyakazi yetu. Uko ya Numbi. Nikikusikiliza, inakuwa mambo ya contrat, ya mkataba."

"Chef, si uliniomba nikwambie?"

"Nilisema mafuta! Nilisema nyama! Hii ni kintu kikubwa. Nikiiandika, kantini inafungwa, bantu banalala njaa. Unataka balale njaa?"

"Nataka ukuye ku dépôt, mu ghala, uone."

"Shitaona kintu. Na weye haukuya hapa."

Ningekuwepo ningempasulia kile kiti chake. Alipotaka umbea alikuwa "mama yetu ya siku mingi". Alipoletewa sumu, mama akageuka mtu wa Numbi. Wengine walisema Benoît alikuwa anakula hongo ya Numbi. Sijui, na sihitaji kujua. Mtu anaweza kuwauza wenzake bure kabisa, kwa uvivu tu wa kutotaka kufungua ghala.

Jua lilipokuwa linazama alimweleza mumewe. Alphonse alikuwa amekaa nyumbani zaidi ya mwaka, kifua kimemkataa. Nyumba nzima, yeye na binti yao Hadassa, walikula kile Hortense alichobeba kutoka jikoni: ukoko wa bukari, mabaki ya sombe. Shambani hakukuwa na kilichoiva, na kingine hakikuwepo.

"Tonge moja haikuui," Alphonse alimwambia. "Onja kidogo. Ao uteme pembeni."

"Nikitema pembeni, Papa Hadassa, nitakuwa nimebadanganya mbele ya macho yao."

"Na ukifukuzwa, bale bafundi batatuletea chakula hapa?"

Wasimulizi wa siku hizi wanampa jibu la kishujaa, lakini mimi nilimuuliza mwenyewe, akaniambia aliinuka tu, akaenda kumwangalia Hadassa akichambua mboga. Alphonse hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na njaa na alikuwa anasema kweli.

Unga mzuri ukaisha.

Siku hiyo Numbi alikuja mwenyewe. Aliegesha gari uani, akaingia kantini mikono mfukoni, akasimama kando ya meza ya kupakulia. Benoît naye akatokea kwenye mlango wa upande wa ofisi, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Sisi tulikuwa foleni na sahani zetu. Mbele yetu alikuwa Mzee Placide, fundi wa kalibu aliyetufundisha kazi karibu sisi sote, ambaye kwa heshima ya umri alikuwa wa kwanza siku zote. Waliopakua mifuko walikuwa wameshatuambia juu ya harufu. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anatazama chungu. Tulikuwa tunamtazama Mama.

Aliweka chungu mezani. Akafunua, mvuke ukapanda. Akanawa mikono. Akaifuta. Kisha akaikunja kifuani, akasimama.

Nilikuwa nyuma kidogo ya Placide na nilimwona usoni. Midomo ilikuwa imebanwa mpaka imepauka. Alikuwa anaogopa, na alikuwa amekasirika, na hasira ndiyo iliyokuwa imemshika asianguke.

"Mama, onja," Numbi alisema kwa sauti ya mzaha. "Bantu iko na njaa."

"Patron, nilipika vile ulinituma. Nitapakula vile ulinituma. Mikono ni yako mpaka saa ya kutoka." Akagusa midomo yake. "Kinwa ni yangu. Haukuninunua kinwa."

Hakutaja mbegu. Hakutaja dawa wala mifuko. Siri ya ghala la bwana wake aliiacha ghalani, kama alivyokuwa amemwahidi Benoît tangu mwanzo. Anayesema alimsaliti mwajiri anionyeshe neno moja alilolitoa pale kantini.

Numbi akaona macho yetu. Mjinga hakuwa. Akatoa mikono mfukoni, akamega tonge nono bila kunawa, akalichovya, akatafuna, akameza. Akafungua kinywa chake kitupu tuone. "Muone! Niko nakufa? Minye njo mwenye chakula, nimekula!"

Kwa desturi alikuwa amefanya sawasawa. Mwenye chakula ameonja. Hakuna lililopungua. Foleni ingepaswa kwenda.

Haikwenda. Placide alikohoa, akahamisha sahani kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Aksanti, patron," alisema kwa adabu yote. "Shiye tunangojea Mama."

"Lakini chakula ni yangu!"

"Njo ile. Weye unaiuzisha. Yeye njo anatukulishaka."

Tukangoja. Sufuria ya sombe ilikuwa inatoa mvuke, harufu yake inatukata matumbo, na hatukuwa tumeweka kitu mdomoni tangu jana yake. Mama Hortense hakusogea. Hatimaye Mzee Placide aliweka sahani yake mezani kifudifudi. Mwingine naye. Na mimi. Meza ikajaa migongo ya sahani, tukarudi kwenye tanuru na matumbo matupu.

Usidhani ilikuwa sherehe. Njaa ile naikumbuka mpaka kesho; ushujaa haushibishi mtu. Mchana ule kijana mmoja alianguka karibu na chuma cha moto kwa kizunguzungu, na wapo waliomtukana Mama Hortense waziwazi, kwamba angemeza tu kitonge chake tungekula, na tumbo la kesho lingejiuguza kesho. Walikuwa na njaa. Lakini sijawasamehe.

Uani nyuma ya jiko, Numbi na Benoît walikuwa wanapigiana kelele, na Mama Hortense amesimama katikati yao. "Ni muntu yako," Benoît alisema, "amesumbua kazi yangu." Numbi akasema, "Ni muntu yako ya zamani, weye njo ulimuharibisha kichwa." Watu hao walikuwa wamegombania mwaka mzima nani anamwamuru, na sasa kila mmoja anamsukuma kwa mwenzake kama sahani yenye nzi. Walipochoka walikubaliana kwamba hakuwa wa mtu yeyote. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya ngazi. Akatoka kwa lango kubwa, si kwa mlango wa jikoni.

Sikilizeni basi kilichofuata, maana hiki ndicho kinachonitoa povu. Kesho yake Numbi aliipakia ile mifuko akaondoka nayo, akaleta unga mweupe. Jamaa yake mmoja akawekwa jikoni. Mkataba haukuguswa! Benoît alikuja kusimama mbele yetu kututangazia kwamba kiwanda kinajali afya ya wafanyakazi wake. Tulipomuuliza juu ya Mama Hortense, alisema hilo ni jambo la ndani la Patroni Numbi. Tulipomuuliza Numbi, alisema yeye hana neno, ila mteja hamtaki. Utamshika nani hapo? Kila mmoja alikuwa amejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake. Tukala ule unga mweupe. Ndiyo, tulikula, na ulikuwa mtamu.

Kikula, nyumba ya Alphonse ilibaki na shamba na Mungu. Hadassa aliacha shule akakaa na baba yake. Mama Hortense alianza kuchuma majani ya muhogo na kuyapeleka sokoni kwa beseni, na ndiko alikokwenda asubuhi moja, siku si nyingi baada ya kufukuzwa, akitafuta pa kukaa auze. Akapita mbele ya Mathilde.

Mathilde alikuwa mjane, aliimba naye kanisani, aliuza unga kwa meka, yale makopo tunayopimia. Mbele yake mfuko ulikuwa wazi. Hortense alisimama. Unga ulikuwa na ule wekundu.

"Yaya, dada yangu, hii bunga ulitosha wapi?"

"Kwa Numbi. Alinipunguzia bei, Mungu amubariki. Niliweka capital yangu yote."

Hortense akaweka beseni chini. Akamweleza taratibu, kwa sauti ndogo, mbegu, dawa, kidole chekundu, Numbi, Benoît, foleni. Mathilde alisikiliza huku meka iko mkononi. Mfuko mmoja ulikuwa umeshaisha.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Mbele, kabla banifukuze. Tangu balishusha mifuko."

"Na haukusema."

"Balisema neno yote ipite kwa patron. Nilipitisha kwa patron. Akakataa, nikapitisha kwa chef."

"Na shiye?" Mathilde alisema. "Shiye tulikuwa wapi, fasi gani, mu ile njia yako?"

Hortense aliniambia kwamba siku ile ya kantini haikumuumiza kama swali hilo. Alikuwa amefanya kila kitu sawa. Alimheshimu huyu, hakumwibia yule, akafunga mdomo pale alipoambiwa ufungwe, akajiona ametoka na mikono safi. Na unga, ambao haukuwa na mkataba na mtu, ulipanda gari ukaja kwa wajane na watoto wa Kikula, kwa sababu kiwandani haukuliwa na nje hakuna aliyeambiwa. Nikikumbuka hapo nataka kupiga kitu. Wale wawili ndio waliojenga ile njia ya maneno, mwanzo wake kwao na mwisho wake kwao, na mwanamke mwaminifu akaifuata yote mpaka mwisho akidhani inafika kwa watu.

Mathilde aliufunga mdomo wa mfuko kwa kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa anafunga mtaji wake.

"Nani balinunua?" Hortense aliuliza.

"Bengi. Mama Joëlle. Bale ba karibu na kinu. Bengine shibajue."

Hortense aliliacha beseni lake la majani pale pale. Alikwenda mpaka penye uwazi ambapo wanawake wote hupita kuingia sokoni, akapanda juu ya kreti la chupa, na kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze akalisema lote mbele ya kila mtu.

"Bamama! Ile bunga iko na rangi nyekundu, musipike! Mukiipikaka, mumwange! Ni mbegu ya dawa! Inatoka kwa Numbi, na Benoît ya kiwanda alijua, na minye Hortense nilijua!"

Watu walisimama. Wengine walicheka, wakadhani amepatwa na kichaa. Kisha mwanamke mmoja akageuka akakimbia kuelekea nyumbani, akishika kikwembe chake kisimdondoke, na wa pili akamfuata, na Hortense akavuta pumzi akaanza tena kutoka mwanzo, majina yote matatu.